Nilimwona Akichota Ndiga Mkekani, Nikanyamaza

Kosa ni langu. Naliandika mwanzo kabisa, kabla mdomo wangu haujaanza kujitetea, maana kujitetea nimejitetea miezi mitatu mizima na sijapata hata usingizi mmoja wa maana.

Mimi ni bibi kizee wa Ruangwa, pembeni mwa mji, kule nyumba zinakoishia na pori linakoanzia. Shule niliishia darasa la nne. Mwandiko wangu mbaya, atakayeusoma anisamehe. Jina langu silitaji, na ya wenzangu nimeyabadilisha, ingawa imeniuma kufanya hivyo. Mimi majina siyasahau! Wote niliosoma nao nawajua kwa majina yao na ya baba zao. Kila jani linaloota kuanzia hapa mpaka Matambarale nalijua, kwa Kimwera na kwa Kiswahili kama linalo. Mtu akiniambia "lile jani lile" namkatiza palepale. Lina jina!

Sasa sikilizeni nilichofanya na hayo majina yangu.

Mwaka jana nyumba ya jirani walipanga Wasukuma, watu wa kutoka Kanda ya Ziwa. Mume ni Masanja, mfugaji, ng'ombe wake wako huko porini. Mkewe Minza alikuwa mjamzito, ndiyo maana akampangia mjini awe karibu na hospitali. Walikuja na binti yao wa miaka kumi, Kabula.

Huyo Kabula, jamani! Siku ya pili tu alinikuta natoka na kikapu, akapiga magoti akaniamkia, kisha akauliza, "Bibi, unaenda wapi?"

"Porini, kuchimba ming'oko."

"Ming'oko ndiyo nini?"

Nikacheka mpaka meno yangu mawili yakaonekana. Mtu haijui ming'oko! Huku kwetu Lindi mtoto anaijua kabla hajajua kuvaa. Ni mizizi ya porini, myembamba mirefu, unaichemsha unaila na chumvi yake. Nikamwambia, "Mwambie mama yako, kisha unifuate."

Akanifuata. Akanifuata tena. Wajukuu zangu mwenyewe nikiwaita wananiambia, "Bibi, siku hizi kuna chipsi." Huyu mtoto wa watu ndiye aliyebeba kikapu changu, na nikimtajia jina mara moja, kesho analitaja yeye. Nilijiona nimepata pa kuyaacha hayo majina kabla sijafukiwa nayo.

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Ukichimba mng'oko usimalize, kichwa kirudishe shimoni ukifukie, mwakani uukute tena. Mboga ya kando ya barabara kuu usichume, imekula moshi wa magari. Chini ya mikorosho iliyopulizwa salfa usiiname. Na kule wanakooshea mchanga wa dhahabu, hata mnavu uwe umenona vipi, upite, maji yake yana zebaki.

"Na usilolijua jina?" nilikuwa namuuliza kila siku.

"Siligusi, Bibi."

"Na ukitaka kulijua?"

"Nakuuliza wewe."

Siku moja akaona mti unaotambaa wenye majani matatu kwenye kikonyo kimoja, una miiba. Akaunyooshea kidole. Nikamwambia, "Huo bado. Huo nitakufundisha ukikua kidogo, una mambo yake."

Ulikuwa ndiga. Sikumtajia. Ndilo jina pekee alilowahi kuniuliza nikamnyima.

Halafu yakatokea ya ng'ombe.

Nina mahali pangu pa ming'oko, nyuma ya kichuguu kimoja, nilipoonyeshwa na mama yangu. Hapo sikuwahi kumpeleka mtu ila Kabula. Asubuhi moja nafika, nakuta pamevurugwa! Ng'ombe wamepita kundi zima, mashina yamelala, ardhi imekuwa kama imepigwa jembe la trekta. Nilikaa chini nikalia kama niliyefiwa.

Nikajiambia, nani mwingine anapajua hapa? Kabula kamwonyesha baba yake! Kampeleka kabisa, pana majani mazuri haya, walishie ng'ombe.

Sikumuuliza. Hapo ndipo upumbavu wangu ulipoanzia. Mimi ninayemfundisha mtoto kuuliza, mwenyewe sikuuliza! Nilirudi nyumbani, akaja na salamu yake ya magoti, nikageuka nikaingia ndani. Kesho yake hivyohivyo. Wiki mbili sikumjibu mtoto salamu. Mama yake akiniamkia nilikuwa naitikia kwa puani.

Katika hizo wiki mbili Minza akajifungua mtoto wa kiume. Nilisikia kichanga kinalia ng'ambo ya ukuta. Sikwenda kumtazama mzazi! Mtu mzima kama mimi!

Sasa dada yangu Somoe, mkubwa wangu, anaishi Nachingwea na miguu haimbebi tena. Alituma salamu kwamba anataka ugali wa ndiga wa mkono wangu, kabla hajafa. Somoe amekuwa akifa tangu mwaka ule wa mafuriko, lakini ni dada yangu, nikaenda kuchimba.

Wasioijua ndiga waelewe: ni sumu. Tumeila miaka ya njaa kwa sababu mama zetu walijua kuitoa hiyo sumu. Unaimenya, unaikata vipande, unailoweka, unaianika, unailoweka tena, na siku zake huzipunguzi. Hesabu yake siiandiki hapa, mtu asije akasoma akaenda kujaribu. Zamani tulilowekea mtoni, mbali na nyumba, kwenye maji yanayotembea. Siku hizi mto ule umekuwa tope la wachimba dhahabu. Kwa hiyo nilifanyia nyumbani, kwenye ndoo. Nikawa mjanja! Niliogopa uchafu wa mto, nikaileta sumu uani kwangu.

Nilikuwa bado sijafika hata katikati ya siku zake. Nikaianika mkekani. Kwenye pembe nne za mkeka nikaweka vipande vya mkaa, kama mama alivyonifundisha. Mtoto yeyote wa nyumbani kwetu akiona mkaa kwenye mkeka hasogei. Anajua hicho si chakula, bado. Ni kuku tu wasiojua.

Na Wasukuma. Wangejuaje?

Ilikuwa mchana baada ya adhuhuri. Nilikuwa jiko la nje napepeta unga. Ukuta wa jiko langu ni wa fito, una nafasi, ukiwa ndani unamwona aliye uani, yeye hakuoni.

"Hodi, Bibi."

Nikaijua sauti. Nikanyamaza.

"Hodi! Bibi, shikamoo."

Nikaendelea kupepeta, polepole, ungo usisikike.

"Hodi!"

Mara tatu alibisha, nahesabu mpaka leo. Kisha akatazama mkeka. Akachuchumaa, akaokota kipande kimoja, akakinusa, uso ukamng'aa! Ulimng'aa kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi.

"Michembe!" akasema.

Michembe naijua. Minza aliwahi kunionyesha, ni viazi vitamu vinakatwa vinakaushwa, huko kwao wanavichemsha wanakula na karanga. Ukivitazama vimeanikwa na ndiga imeanikwa, hata mimi ukinivua miwani nitavichanganya.

Kabula akatandika kanga yake chini, akachota viganja viwili. Akafunga fundo. Kabla hajaondoka akasimama akaelekea mlango wa nyumba, akasema kwa sauti kabisa, "Bibi, nimemchukulia mama michembe kidogo. Nitakuja kukwambia ukirudi."

Nilisikia kila neno.

Ningesema "Weka!" tu. Neno moja! Kukohoa tu kungetosha, angenijia. Lakini moyo wangu, jamani, moyo wangu mbaya ukasema: mwache. Akionja itamchoma ulimi, atatema, na atakoma kuwa na mikono mirefu, yeye na ng'ombe wa baba yake.

Nikaendelea kupepeta unga.

Nililosahau, mimi mjuzi wa kila kitu, ni kwamba ndiga iliyokwisha kulowekwa kidogo uchungu wake unapungua, sumu yake imebaki. Na huyo mtoto alipika na karanga za kutosha, na sukari akatia, kwa sababu alikuwa anampikia mama yake mwenye kichanga, aliyesema asubuhi hana hamu ya chochote ila michembe ya kwao. Yeye Kabula hakula hata kipande. Alimwachia mama yote.

Alasiri nikasikia ukelele. Si wa kichanga. Nikakimbia.

Minza alikuwa sakafuni anatapika, macho yanazunguka, mikono inakakamaa na kutetemeka. Kichanga kitandani kinalia. Kabula ameshika sufuria, hajui aweke wapi.

"Kala nini?" Mama Zuhura, jirani wa upande wa pili, alikuwa ameshafika.

"Michembe," Kabula akasema. "Michembe ya Bibi."

Nikatazama ndani ya sufuria ingawa sikuwa na haja ya kutazama. Nikapiga kelele, "Ndiga! Kala ndiga! Iteni bajaji!"

Mama Zuhura alitaka kumnywesha maziwa, nikamzuia. Nikasema asipewe kitu, apelekwe hospitali sasa hivi, na sufuria ije naye. Hilo moja nililifanya sawasawa. Hospitali nikawaambia jina la alichokula na jinsi kilivyotengenezwa. Walihangaika naye mpaka jua likazama. Masanja alifika na pikipiki kutoka porini, matope mpaka magotini, akanishika mkono.

"Mama, kapata wapi kitu hiki? Ulimpa wewe?"

Watu walikuwa wamejaa pale nje. Wote wananitazama mimi.

"Sikumpa," nikasema. "Kakichukua mtoto mwenyewe. Na mkaa niliweka! Pembe zote nne mkaa upo, nendeni mkaangalie!"

Maneno yote hayo ni kweli, hata moja si la uongo. Ndiyo maana yananichoma kuliko uongo.

"Nilimwambia Bibi," Kabula akasema analia. "Baba, nilibisha hodi. Nilimwambia Bibi nachukua."

"Ulimwambia Bibi? Bibi alikuwepo?"

Mtoto akanitazama. Alikuwa ananisubiri niseme. Akamgeukia baba yake, akasema, "Sikumwona."

"Basi umeiba!" Masanja akasema. "Umeiba sumu ukamlisha mama yako!"

Mama Zuhura naye akatia lake, "Na mkaa mtoto hukuuona? Macho umeazima?" Kuna waliocheka. Kucheka, mtu kalazwa ndani!

Masanja alivua mkanda palepale chini ya dirisha la wodi. Alimpiga binti yake kwa hofu, si kwa ukatili. Nami nilisimama hatua tatu kutoka hapo. Nikasema, "Inatosha, Masanja, ni mtoto." Watu wakaniona mwenye huruma! Wakaniambia, Bibi una moyo.

Minza alipona. Namshukuru Mungu asubuhi na jioni. Alilala hospitali siku tano, kichanga wakikinywesha maziwa ya kopo, naye akatoka kwa miguu yake. Lakini Kabula alishapata jina jipya mtaani. Mimi ninayejivunia majina nilimsaidia mtoto kupata hilo. Mwizi. Akienda bombani, wenzake wanafunika ndoo. "Usituwekee ndiga!" Shuleni nako likamfuata. Akaacha kusema. Nyumba ileile niliyokuwa nasikia anaimba, ikawa kimya.

Baba yake akaona bora ampeleke kwa shangazi yake, huko kwao Kanda ya Ziwa. Siku anaondoka alipita mbele ya ua wangu na begi lake la shule. Hakubisha hodi.

Mngedhani hapo ningesema. Sikusema! Kila nikifungua mdomo, mkaa ule unatangulia. Mkaa niliweka. Mkaa niliweka.

Baada ya wiki kama mbili Minza na mumewe wakaamua kuhama, wanarudi kwenye ng'ombe wao. Minza akaja kuniaga, mtoto mgongoni, mkononi kashika kibuyu cha maziwa ya mgando. Akapiga magoti. Mtu aliyekaribia kufa kwa ndiga yangu, anapiga magoti!

"Mama," akasema, "tunaomba utusamehe kwa mtoto wetu kukuibia. Hatukumlea hivyo. Pokea haya maziwa, usibaki na kinyongo juu yetu."

Nikapokea. Mikono hii ninayoandikia ndiyo iliyopokea.

Akaendelea, "Alikuwa anakupenda sana yule. Hata siku ng'ombe walipopita kule kwenye mizizi yako, alimlilia baba yake, anamwambia usipitishe hapa, hapa ni pa Bibi. Baba yake akamwambia, mto wetu wamechafua watu wa dhahabu, tupite wapi kwenda kwenye maji? Akashinda na njaa siku hiyo kwa hasira. Hakukwambia?"

Atanambiaje? Nilikuwa siitikii salamu yake!

Minza akaondoka. Maziwa sikuweza kuyanywa, na kuyamwaga sikuweza. Yalikaa kibuyuni mpaka nzi wakajaa.

Nikapanda gari nikaenda Nachingwea kwa dada yangu Somoe. Nilidhani ananipenda, atanisaidia kujitetea. Nikamweleza yote, na mkaa nikautaja.

Somoe alikuwa amejilaza, akainuka. "Uliweka mkaa."

"Niliweka, dada."

"Pembe nne."

"Zote nne."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Mdomo ulikuwa nao, au ulikuwa umeuweka wapi?" Kisha akageukia ukuta. "Na hiyo ndiga usiniletee. Sitaki tena kuila katika maisha yangu. Rudi ukaseme."

Sasa hivi amenuna. Namjua, akinuna dada yangu ni mwaka.

Nikarudi. Namba ya Minza nilikuwa nayo, nikapiga. Sikumsalimu vizuri hata, nikaogopa nikisalimu nitaishia kwenye salamu. Nikamwambia nilikuwa jikoni. Nilisikia hodi zote tatu. Niliona anachota, nilisikia anasema michembe, nilijua anakosea, nikanyamaza kwa sababu ya ng'ombe.

Nikasikia ng'ombe wanalia huko aliko.

"Uliona, Mama?"

"Niliona."

"Ukanyamaza na alipokuwa anapigwa?"

"Nikanyamaza."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Akasema tu, kwa sauti ndogo, "Mimi usiniambie. Mimi nimepona. Mwambie aliyepigwa." Akanitajia namba ya wifi yake, akakata simu. Tangu siku hiyo nikipiga hapokei, na sina la kumlaumu.

Nilikaa siku nne na ile namba. Mwanamke niliyezaa watoto saba, niliyezika mume, naogopa mtoto wa miaka kumi!

Siku ya tano nikapiga. Shangazi akamwita. Nikasikia miguu inakuja mbio, halafu ikaacha kukimbia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Kabula. Marahaba, marahaba." Nikaitikia zile zote nilizomnyima. Nikamweleza. Sikumtajia mkaa. Nikamwambia hakuiba, aliomba, na mimi nilimsikia akiomba, na nimeshamwambia mama yake, na nitawaambia watu wote wa mtaa mmoja mmoja kwa jina.

Nikasikia anatoka nje na simu, mbali na shangazi.

Kisha akasema, "Bibi, si ungenikemea tu?"

"Ungenikemea ningeacha," akasema. Hakuwa analia. Alikuwa ananieleza, kama mtu anayemfundisha mwingine kitu kilicho wazi.

Jibu sikupata siku ile na mpaka leo ninapoandika sina. Mtaani nimezunguka, nimeanza na Mama Zuhura. Wengine wamenisema, wengine wameniambia, "Bibi yameshapita, ya nini kuchimbua?" Hayajapita! Yako kwa shangazi, darasa la nne, yanaogopa kwenda bombani. Ming'oko yangu sasa nikiipeleka sokoni watu wanaigeuzageuza wananiuliza, "Hii ni ming'oko kweli?" Wana haki. Na porini naenda peke yangu, natajia miti majina yake, hakuna anayerudia.

Nawaambia nyie mnaochimba na kuchuma kando ya miji hii yetu, ambako siku hizi jirani yako katoka mkoa usiojua wanakula nini. Dalili zako za nyumbani, kama mkaa wangu, mgeni hazijui. Kitu chenye sumu usikianike uani, na kama huna mto msafi wa kukitengenezea, kiache kiote. Jirani mgeni mwonyeshe, mpe jina, mwambie hiki kinaua, hata kama hajakuuliza.

Na ukimwona mtoto ananyoosha mkono kwenye kitu kibaya, piga kelele! Hata kama mama yake hamsalimiani, hata kama ng'ombe wa baba yake wamekumaliza. Mkemee kwanza. Kununa utanuna baadaye, muda wa kununa upo tele. Mimi huku nilipo ninao wote.